Wahafidhina wa Marekani wanagombana wao kwa wao, sisi tunabishana kuhusu Trump

Tangu Januari 2026 kila grupu la wasapu lenye ndugu Marekani limepita humo ile voisi inayosema Trump ameanza kukata kodi kila dola inayotumwa nyumbani. Ni kweli robo tu. Kodi ipo, asilimia 1, ila inamhusu anayeenda kwa wakala na keshi mkononi, au manioda, au hundi ya benki. Ukituma kutoka akaunti yako ya benki ya kule au kwa kadi iliyotolewa Marekani, kama wengi wanavyofanya kwenye apu kwenda M-Pesa, hukatwi hiyo kodi. Dola 300 za keshi zinakatwa dola 3, awe raia anatuma au asiye raia. Ilipoanza kule Bungeni ilikuwa asilimia 5 na ililenga wasio raia peke yao, ikashuka 3.5, ikaishia 1. Kwa Kenya ambayo 2024 ilipokea karibu dola bilioni 5 kutoka kwa watu wake wa nje, na Marekani peke yake inatoa takribani nusu, ni habari kubwa na watu wana haki ya kuuliza. Shida ni kwamba hicho ndicho kipande pekee cha sheria ile ambacho watu wetu wanakijua, na kupitia hicho kidogo wanaisoma sheria nzima kama kazi ya mtu mmoja mwenye hasira na wageni, au kwa wale wanaompenda, kama uhafidhina safi usiochanganywa na maji.

Mimi naiona tofauti. Sheria yenyewe, hiyo wanayoiita One Big Beautiful Bill aliyoisaini Julai 4, 2025, ni makubaliano ya kusitisha mapigano kati ya kambi mbili za wahafidhina ambazo hazikubaliani tena serikali ipo kwa ajili ya nini. Kila kambi imeondoka na mfuko wake. Na mahali ambapo ufa unaonekana wazi siyo kwenye kodi ya kutuma hela wala kwenye ukuta wa mpakani, ni kwenye sharti jipya kwamba mtu mzima mwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, athibitishe anafanya kazi, sharti ambalo majimbo yanatakiwa yawe yameshaanza kulitekeleza ifikapo Januari 1, 2027. Naenda mbali zaidi: ukilipima kwa vipimo vya wahafidhina wenyewe, sharti hilo limetengenezwa vibaya.

Turudi nyuma kidogo maana bila historia hili halieleweki. Kwa miaka mingi mhafidhina wa Marekani ulimjua kwa mambo matatu: soko huria, ukali dhidi ya ukomunisti, na msimamo wa dini na familia. Watu wa mambo hayo matatu hawakuwa ndugu wa damu. Mfanyabiashara anayetaka kodi ishuke na mama wa kanisani anayetaka shule zirudishe sala hawana sababu ya asili ya kukaa chama kimoja. Jarida la National Review la William F. Buckley lililoanza 1955 ndilo lililowakutanisha, na Frank Meyer akawa mshenga wao wa nadharia, akiwaambia kwamba uhuru bila maadili haudumu na maadili ya kulazimishwa siyo maadili. Barry Goldwater akagombea na hoja hizo 1964, Lyndon Johnson akampiga vibaya. Kisha akaja Reagan, na siku anaapishwa Januari 1981 akasema serikali siyo suluhisho la tatizo letu, serikali ndiyo tatizo. (Wanaomnukuu huwa wanaruka maneno aliyoanzia nayo, kwamba anazungumzia mgogoro wa wakati ule. Lakini sawa, nusu ya pili ndiyo iliyogeuka imani.)

Ukomunisti ulipoanguka, adui aliyekuwa anawaweka pamoja akaondoka, na waliobaki wakaanza kuangaliana vizuri. China ikaingia Shirika la Biashara Duniani, WTO, Desemba 2001, na ajira za viwandani Marekani ambazo mwaka 2000 zilikuwa karibu milioni 17 zikaanguka hadi chini ya milioni 12 ndani ya miaka 10. Miji ya Ohio, Pennsylvania na Michigan ikabaki na maduka yaliyofungwa na uraibu wa vidonge vya maumivu. Hapo ndipo ilipozaliwa kambi ya pili. Marco Rubio mwaka 2019 akaanza kuongelea ubepari wa manufaa ya wote, Oren Cass akaanzisha taasisi yake ya American Compass 2020, Josh Hawley wa Missouri na JD Vance wa Ohio wakaibeba hoja Seneti. Hawa wanasema soko siyo mungu, ushuru wa forodha unaweza kulinda kazi, familia yenye watoto isaidiwe na dola, na chama cha wafanyakazi siyo lazima kiwe adui. Julai 2024 mkutano mkuu wa Ripablikani, chama cha wahafidhina hao, ulimpa jukwaa rais wa Teamsters, chama cha madereva wa malori. Mtu wa enzi za Reagan angedhani kakosea ukumbi.

Sasa isome sheria ya 2025 ukiwa na kambi hizo mbili kichwani. Punguzo za kodi za 2017 zimefanywa za kudumu, hiyo ni ya kambi ya zamani. Bakshishi hadi dola 25,000 kwa mwaka hazikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu, ovataimu nayo ina punguzo lake, nafuu ya kodi kwa kila mtoto imepanda hadi dola 2,200, na mtoto aliyezaliwa kati ya 2025 na 2028 anafunguliwa akaunti yenye dola 1,000, hizo ni za kambi mpya. Kupunguza matumizi ya Medicaid kwa zaidi ya dola bilioni 900 ndani ya miaka 10 ni ya kambi ya zamani tena. Na kwa kuwa kila mtu alipewa chake, hesabu haikufunga: ofisi ya bajeti ya Congress, CBO, ilikadiria sheria itaongeza nakisi ya dola trilioni 3.4 kwa miaka 10. Ndiyo maana nacheka nikisikia mtu anaiita sheria ya kubana matumizi.

Kama bado unadhani nabuni huo ugomvi, angalia waliokataa. Seneti ilikuwa 50 kwa 50 mpaka Vance kama makamu wa rais akapiga kura ya kuvunja sare, na Bunge la chini likapita 218 kwa 214. Rand Paul wa Kentucky alikataa kwa sababu sheria inapandisha kikomo cha deni kwa dola trilioni 5, na Thomas Massie, naye wa Kentucky, alikataa kwa sababu ya nakisi. Thom Tillis wa North Carolina alikataa kwa sababu inakata sana Medicaid ya jimbo lake, na akatangaza hagombei tena. Susan Collins wa Maine naye wasiwasi wake ulikuwa huko huko kwenye Medicaid na hospitali za vijijini. Chama kimoja, sheria moja, na wapo waliokataa kwa sababu inatumia hela nyingi na wapo waliokataa kwa sababu inabana mno. Hawley ndiye kituko zaidi. Mei 2025 aliandika hadharani kwamba kukata Medicaid ni kosa la kimaadili na kujiua kisiasa, Julai 1 akapiga kura ya ndiyo, na kabla mwezi haujaisha akapeleka muswada wa kurudisha sehemu ya kile alichokipigia kura kikatwe. Unaweza kumwita mnafiki, ni ruksa, ila mimi naona mtu aliyebanwa kati ya makao makuu ya chama na wapigakura wake.

Wapigakura wenyewe ni nani? Medicaid ilianza 1965, inalipiwa na serikali kuu pamoja na majimbo, na ina watu zaidi ya milioni 70 wa kipato cha chini. Sheria ya afya ya Obama ya 2010 iliipanua ichukue watu wazima hadi asilimia 138 ya kipimo cha umaskini, Mahakama ya Juu ya Marekani 2012 ikasema majimbo yachague yenyewe, na mpaka leo 40 yamekubali. Missouri na Oklahoma wananchi walipiga kura wenyewe 2020 kukubali, South Dakota 2022, na majimbo yote hayo matatu ni ya Trump asubuhi na mapema. Steve Bannon, aliyewahi kuwa mshauri wa Trump na ambaye hakuna atakayemwita mtu wa kushoto, alionya Februari 2025 kwamba watu wengi wa MAGA, yaani wafuasi wa dhati wa Trump, wako Medicaid na wabunge wawe makini. Kwa hiyo ile picha ya kwamba wahafidhina wanakata huduma za watu wa upande mwingine imepitwa na wakati, wanakata za watu wao.

Sharti lenyewe liko hivi: mwenye miaka 19 hadi 64 aliyeingia kupitia ule upanuzi atatakiwa kuonyesha saa 80 kwa mwezi za kazi, kujitolea au mafunzo, au masomo angalau nusu ya mzigo wa kawaida, au kipato cha dola 580 kwa mwezi. Hiyo 580 ni saa 80 mara dola 7.25, kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ambacho hakijapanda tangu 2009. Mzazi wa mtoto wa miaka 13 kushuka chini ametolewa, mjamzito, mlemavu, na mwenye ugonjwa mzito pia. Badala ya kuhakikiwa mara moja kwa mwaka, ni kila miezi 6.

Hoja ya wahafidhina hapa siyo ya kijinga na naomba tuichukue kwa uzito. Mwaka 1950 na kitu, karibu wanaume 97 kati ya 100 wa umri wa miaka 25 hadi 54 walikuwa kazini au wanatafuta kazi. Sasa ni kama 89. Hao waliotoweka hawahesabiwi kama wasio na ajira kwa sababu hata hawatafuti. Wahafidhina wanasema kazi inampa mtu ratiba, marafiki, sababu ya kuamka, na kwamba msaada usioomba chochote unamwacha mtu peke yake na runinga. Halafu wanaonyesha 1996, pale Clinton, Demokrati, aliposaini mageuzi ya msaada wa fedha kwa familia maskini, yakaweka kikomo cha miaka 5 na sharti la kazi. Wapinzani walitabiri watoto watalala mitaani. Badala yake idadi ya wanaopokea ikashuka kwa zaidi ya nusu, kina mama wasio na waume wakaingia kazini kwa wingi, na umaskini wa watoto ukapungua mwishoni mwa muongo ule. Mtu aliyeishi hayo akikwambia sharti la kazi linafanya kazi, hajaokota hewani.

Ila kuna vitu viwili anaviruka. Kwanza, 1996 ilikuwa ni fedha taslimu, na Medicaid hampi mtu hata senti ya kununulia mkate, inamlipa daktari. Bima hailipi kodi ya nyumba, kwa hiyo sababu ya kukaa nyumbani ukaila haipo. Pili, miaka ile uchumi ulikuwa unapaa, ukosefu wa ajira ulifika asilimia 4 mwaka 2000, na Clinton alikuwa ameongeza sana ile nafuu ya kodi kwa wenye kipato cha kazi. Ukitoa hivyo viwili, 1996 siyo ushahidi safi kama wanavyoutumia.

Ushahidi wa karibu upo, unaitwa Arkansas. Juni 2018 jimbo lilianza sharti karibu sawa na hili, saa 80 kwa mwezi. Kuripoti mwanzoni ilikuwa ni onlaini tu, kwenye jimbo ambalo vijijini intaneti ni ya kubahatisha, na tovuti yenyewe ilikuwa inafungwa saa 3 usiku na kufunguliwa saa 1 asubuhi, yaani tovuti ina saa za ofisi. Unaingia na namba uliyotumiwa kwa barua, kama barua ilifika na kama hujahama. Ukikosa miezi 3 unatolewa mpaka mwaka uishe. Ndani ya miezi michache zaidi ya watu 18,000 wakapoteza bima, mpaka jaji wa serikali kuu akalisimamisha Machi 2019. Watafiti walioufuatilia mpango hawakuona ajira ikiongezeka. Mmoja wa waliotolewa alikuwa anafanya kazi kiwanda cha kuku, ana ugonjwa wa mapafu. Aliripoti saa zake mara moja akadhani imetosha, akaenda duka la dawa akaambiwa bima haipo na dawa ni mamia ya dola, akakosa dawa, akaugua, akakosa kazini, akafukuzwa. Sharti la kumlinda mtu asiache kazi likamtoa kazini aliyekuwa nayo.

Georgia nayo ilianza ya kwake Julai 2023 kwa wanaotaka kuingia upya. Jimbo lilitarajia watu 25,000 mwaka wa kwanza, wakapatikana elfu 4 na ushee.

Kuna hoja moja ya upande wa wanaotetea ambayo ni dhaifu kuliko zote na ndiyo inayosikika zaidi, ile ya Spika Mike Johnson kuhusu vijana wa kiume wamekaa kwenye kochi wanacheza gemu. Kati ya watu wazima wa Medicaid walio chini ya miaka 65 wasiopokea fedha za ulemavu, karibu thuluthi mbili wanafanya kazi tayari, na wengi wa waliobaki wanauguza mtu, wanaumwa au wanasoma. Wa gemu wapo, siwezi kubisha, ila hawatoshi kuleta akiba iliyoandikwa. CBO imekadiria sharti hili peke yake linaokoa zaidi ya dola bilioni 300 kwa miaka 10 na kuacha watu takribani milioni 5 zaidi bila bima ifikapo 2034. CBO hiyo hiyo ilishasema 2023, kuhusu sharti linalofanana, kwamba ajira haitabadilika kwa maana yoyote. Kama kila mtu angetii na kupeleka karatasi zake vizuri, akiba ingekuwa karibu sifuri. Bajeti imeandikwa kwa kutegemea watu washindwe fomu, na mtu anayetaka kweli watu wafanye kazi angeona aibu kuiandika hivyo.

Upande wa pili nao una hoja yake dhaifu, kwamba haya yote ni chuki ya maskini na ubaguzi wa rangi, basi. Haielezi kwa nini kura za maoni zinaonyesha zaidi ya nusu ya Wamarekani wanaunga mkono sharti la kazi ukiwauliza bila maelezo mengi, wakiwemo maskini wenyewe wanaoona jirani anayekwepa. Haielezi Clinton. Na inawaacha wanaoipinga bila la kusema kuhusu yule mwanaume wa miaka 35 aliyetoweka kwenye soko la ajira, ambaye yupo na ni tatizo la kweli.

Kinachonishangaza ni kwamba wahafidhina wanayo njia yao wenyewe ya zamani na wameiacha. Milton Friedman, mtu wa soko huria kuliko wote, alipendekeza miaka ya 60 kwamba badala ya msururu wa maofisi, maskini wapewe fedha kupitia mfumo wa kodi. Nixon 1969 akapeleka mpango wa kipato cha chini kwa familia ukiwa na sharti la kazi ndani yake, ukapita Bunge la chini ukafia Seneti. Kikabaki kitu kidogo zaidi, nafuu ya kodi kwa mwenye kipato cha kazi, Ford aliisaini 1975 na Reagan akaipanua 1986. Hiyo nafuu inamlipa mtu kwa sababu amefanya kazi, na inasoma kipato kutoka kwenye kodi aliyojaza, hakuna karani wa kumhoji. Siyo kamilifu, ina makosa mengi ya malipo, lakini falsafa yake ni ya kihafidhina kabisa: lipa kazi, usijenge ofisi ya kuilinda. Sharti la 2027 linajenga mifumo ya kompyuta kwenye majimbo 40, mikataba ya makampuni ya ushauri, vituo vya simu, na makarani wa kuamua kama kumuuguza bibi ni kazi au siyo kazi. Watu waliolelewa na Reagan waogope serikali inayouliza maswali mengi, wameijenga wao.

Kuna kundi moja la Waswahili ambalo linaguswa moja kwa moja kuliko hiyo kodi ya asilimia 1. Wakongo wamekuwa miongoni mwa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani miaka ya karibuni, wako Kentucky, Iowa, Ohio, Texas, wengi kwenye viwanda vya nyama na maghala. Sheria ya 1996, hiyo hiyo wahafidhina wanayoisifu, ilifunga milango kwa wahamiaji wengi ila ikamwachia mkimbizi nafasi ya kupata msaada miaka yake ya mwanzo. Sheria ya 2025 imemwondoa kwenye msaada wa chakula mara tu iliposainiwa, na kwenye Medicaid kuanzia Oktoba 1, 2026. Hapa siwezi kuona hoja ya kazi kabisa, maana mkimbizi anayefanya kazi saa 40 kwa wiki naye ametolewa. Hii haikutoka kambi ya soko huria wala kambi ya familia za wafanyakazi, imetoka kwenye siasa za uhamiaji, na kambi zote mbili zilinyamaza kwa sababu ilikuwa bei nafuu ya kubaki pamoja.

Hiyo amani yao ina tarehe za kuisha. Nafuu ya bakshishi na ovataimu imeanza 2025 na inakoma 2028. Sharti la kazi linaanza Januari 2027, miezi miwili baada ya uchaguzi wa Bunge wa Novemba 2026, na sidhani kuna mtu aliyepanga kalenda hiyo kwa bahati mbaya. Oktoba na Novemba 2025 serikali ilifungwa siku 43 kwa ugomvi wa ruzuku za bima za Obama, na Marjorie Taylor Greene, mtu wa Trump wa damu wakati ule, akakiambia chama chake hadharani kwamba watoto wake mwenyewe bima zao zitapanda na chama hakina mpango. Januari 2026 akaondoka Bungeni. Vance, kama atagombea 2028, atakuwa ndiye aliyepiga kura ya kuvunja sare na ndiye anayejiita mtoto wa miji iliyoachwa, kwa hiyo barua za kwanza za kusitisha bima zikianza kufika Ohio na Kentucky katikati ya 2027, swali la kambi ipi ilikuwa sahihi ataulizwa yeye, na magavana wa Ripablikani wenye hospitali za vijijini zinazosubiri mgawo wa mfuko wa dola bilioni 50 wa afya ya vijijini uliowekwa kwenye sheria hii watakuwa wa kwanza kumuuliza.